Baraka ya Auzaye Nafaka

Tafakari ya wiki
Masomo: Mithali 11:26 na Yakobo 5:1–6



Ukihudhuria kongamano la vijana katika sharika zetu, hutakosa kusikia majina matatu: Mengi, Bakhresa na Mo. Mwalimu wa semina husimama na kusimulia. Reginald Mengi alikulia Machame katika nyumba ya udongo, akafa akiwa mwenye magazeti, redio na televisheni. Said Salim Bakhresa aliacha shule Unguja akiwa na miaka 14, akauza viazi, na leo jina la Azam liko kwenye unga, mkate, aiskrimu, boti na king'amuzi. Mohammed Dewji alizaliwa Singida mwaka 1975, akaingia katika biashara ya baba yake na kuikuza hadi dunia ikamhesabu miongoni mwa mabilionea wa Afrika. Vijana hupiga makofi. Kisha mwalimu husema kwamba Mungu aliyewainua wale atawainua na wao, na maombi ya kufunguliwa milango huanza.

Sipingi maombi hayo. Kijana aliyemaliza chuo na kuzunguka na bahasha ya vyeti mwaka mzima ana haki ya kumlilia Mungu, na Kanisa lisipomwombea litakuwa limemtupa. Ninachotaka tukitazame ni namna tunavyozisimulia habari za watu hawa. Tunasimulia viazi, kisha tunasimulia mabilioni. Miaka yote iliyo katikati tunairuka. Na humo katikati ndimo mtu alimokuwa akikutana na jirani yake kila siku, kama mteja, kama kibarua, kama mkulima aliyeleta mzigo, kama mdai aliyebisha hodi mwisho wa mwezi. Tukiiruka miaka hiyo tunabaki na muujiza usio na majirani ndani yake, na kijana anarudi nyumbani akimwomba Mungu fedha bila kujua amwombe nini kuhusu kazi.

Mithali 11:26 inamzungumzia mfanyabiashara wa nafaka wakati wa njaa. Watu wawili wanawekwa mbele yetu. Mmoja ameifungia nafaka yake ghalani akingoja bei ipande, na watu wanamlaani. Mwingine anaiuza, na baraka inakaa juu ya kichwa chake. Usomeni mstari huo polepole, kwa sababu ni rahisi kupita juu yake. Aliyebarikiwa hapa hakuigawa nafaka bure. Aliiuza. Alipokea fedha, alipata faida yake, na Maandiko yanamwita mbarikiwa.

Tumezoea kufikiri kwamba mfanyabiashara huanza kumtumikia Mungu pale anapotoa: anaponunua mabati ya kanisa, anapoitwa mgeni rasmi kwenye harambee, anaponunua jogoo kwa bei ya mbuzi katika mnada baada ya ibada. Kabla ya hapo, kwa mawazo yetu, alikuwa sokoni akihangaika na mambo ya dunia. Mithali inamfuata hukohuko sokoni. Inamtazama akiwa na kipimo mkononi mbele ya mwanamke aliyekuja na kikapu, na inasema kwamba laana au baraka inaamuliwa hapo.

Kwa ajili hiyo naomba tumtazame kwa utulivu mtu ambaye makongamano yetu hayamtaji. Jayantilal Keshavji Chande, ambaye wengi walimjua kwa jina la Andy Chande, alizaliwa Mombasa mwaka 1928 katika familia yenye asili ya Gujarati. Maisha ya familia yalikuwa Bukene, mji mdogo wa reli mkoani Tabora, ambako baba yake alifungua duka. Kutoka dukani ukoo ukaingia kwenye usagaji, na kufikia miaka ya 1960 kampuni yao, Chande Industries, ilikuwa miongoni mwa wasagaji wakubwa wa nafaka nchini.

Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Ndani ya siku chache benki zikawa mali ya umma, na baada yake makampuni makubwa ya biashara ya nje na ya usagaji. Vinu vya akina Chande vilikuwemo. Na hapo Mwalimu Nyerere akamtaka yuleyule aliyenyang'anywa abaki kuviendesha, safari hii kwa niaba ya umma, katika shirika ambalo nchi nzima ilikuja kulijua kwa herufi tatu, NMC. Chande akakubali.

Fikirini hali yake. Mashine ni zilezile, wafanyakazi ni walewale, harufu ya pumba asubuhi ni ileile. Kilichobadilika ni jibu la swali moja tu, kwamba kinu hiki ni cha nani. Wiki iliyopita kilikuwa cha baba yake na ndugu zake. Wiki hii ni cha wakulima na wafanyakazi wa Tanzania, na yeye anatakiwa akae kwenye kiti, afungue daftari la hesabu, ahakikishe mahindi yanafika na unga unatoka.

Siwezi kuingia moyoni mwake. Wala sisemi kwamba kila kilichotaifishwa kilitaifishwa kwa haki. Familia nyingi za Wahindi wa Tanzania ziliumia, na baada ya majengo ya kupangisha kuchukuliwa mwaka 1971 wengi walihamia Uingereza na Kanada. Aliyeondoka hakutenda dhambi. Lakini huyu aliyebaki anatufundisha jambo ambalo mahubiri mengi ya mafanikio hayawezi kutufundisha, kwa sababu mahubiri yale hayajui la kumwambia mtu aliyepoteza. Kazi ya kusaga ilikuwa na thamani hata pale ilipoacha kuwa njia ya kumtajirisha yeye. Watu walihitaji unga kabla ya Azimio, na walihitaji unga baada ya Azimio.

Waliopata kipaimara wanakumbuka namna Martin Luther alivyolifafanua ombi la riziki katika Katekisimo Ndogo. Hakuishia kwenye mkate. Alitia humo mavazi na viatu, nyumba na shamba, ng'ombe, fedha, serikali njema, hali ya hewa nzuri, hata majirani waaminifu. Luther alielewa kwamba Mungu halishushi andazi kutoka mbinguni. Analituma kwa mkono wa mkulima, wa dereva wa lori, wa mwenye kinu, wa afisa anayekagua mizani, wa muuzaji mwenye duka pale mtaani. Kila mara tunapoomba ombi hilo tunawaombea watu hao wote, hata kama akili yetu iko kwenye sahani tu. Chande alikuwa Mhindu kwa dini. Miaka ile Wakristo wa nchi hii waliomba riziki kwa Baba yao, na sehemu ya jibu ikapita kwenye meza ya kazi ya Mhindu aliyekuwa amepoteza mali ya baba yake.

Aliendelea hivyo kwa miaka mingi, akitumika katika bodi za mashirika ya umma, yakiwemo ya reli na bandari. Alisimamia pia elimu, na jina lake linakumbukwa hasa katika Shule ya Sekondari Shaaban Robert jijini Dar es Salaam. Alifariki Aprili 2017. NMC yenyewe haikuishi kwa heri. Ilielemewa na madeni, na kuna wakulima waliosubiri malipo ya mazao yao mpaka wakachoka. Ninalitaja hili ili mtu asidhani kwamba mali ikiwa ya umma inatakasika yenyewe. Shirika la umma linaweza kumdhulumu mkulima sawasawa na tajiri, na mkulima hasikii nafuu kwa kudhulumiwa na shirika lake.

Tusogee mbele kidogo, kwenye miaka ambayo wazee wetu hawajaisahau. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikauka. Fedha za kigeni hazikuwepo. Sukari, sabuni, mafuta ya kula na nguo vikawa vitu vya kutafutwa kwa foleni, na watu walipanga mawe yawashikie nafasi usiku wakaenda kulala. Tulikula unga wa mahindi ya njano ya msaada, ambao watu waliuita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi yake. Na katika uhaba huo akazaliwa mlanguzi. Mwaka 1983 serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, iliendesha msako wa wahujumu uchumi, na wanaokumbuka wanasimulia jinsi watu walivyotupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukamatwa nazo. Fikirini: sukari ilitupwa mitoni wakati watoto walikunywa uji usio na sukari. Sijui picha nyingine inayoonyesha vizuri zaidi yale ambayo Mithali inayazungumzia. Nafaka ilikuwepo. Ilikuwa imefichwa.

Katika miaka hiyohiyo Reginald Mengi alikuwa mhasibu katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers and Lybrand. Alikuwa amesomea kazi hiyo Uskoti na kurudi nyumbani, na alikuwa amepanda hadi uongozi. Mshahara ulimtosha. Hadithi aliyoisimulia mara nyingi ni kwamba alihitaji kalamu ya wino akaikosa madukani. Kalamu, kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu anacho mfukoni. Akaanza kuagiza vipuri na kuviunganisha nyumbani kwake, na kalamu zikauzwa. Kutokana na mwanzo huo yakaja mambo mengine, mpaka mwaka 1994 nchi hii, iliyokuwa imezoea sauti moja tu ya redio ya serikali, ikapata ITV.

Sasa tazameni. Mlanguzi na Mengi waliuona uhaba uleule. Wote wawili walijua kwamba mahali penye upungufu pana fedha. Ukiwaweka kwenye mizani ya akili ya biashara peke yake hutaona tofauti kubwa, na ndiyo maana semina zetu, zinazofundisha tu kuona fursa, haziwezi kumtenganisha mmoja na mwenzake. Tofauti iko hapa: mlanguzi alihitaji uhaba uendelee. Siku sukari ikijaa madukani, biashara yake imekufa, kwa hiyo kila usiku moyo wake uliomba sukari isije. Mwenye kutengeneza kalamu alipata fedha yake kwa kadiri alivyoupunguza uhaba. Kila kalamu aliyouza ilimfanya mtu mmoja zaidi awe na kalamu. Yeyote anayefanya biashara na ajiulize swali hili kwa uaminifu, maana linapima moyo kuliko kiasi cha sadaka: je, mimi ninafaidika jirani yangu akipata, au ninafaidika akizidi kukosa?

Mtu anaweza kuniuliza habari za Yusufu kule Misri, ambaye naye alihifadhi nafaka miaka saba. Ni kweli, alihifadhi. Lakini alihifadhi wakati wa shibe ili afungue wakati wa njaa, na alipofungua aliuza. Nakiri pia kwamba mwisho wa habari ile katika Mwanzo 47 unanisumbua kila ninapousoma, kwa sababu njaa ilipozidi, Wamisri walitoa fedha, kisha mifugo, kisha mashamba, kisha wakajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao. Biblia haikuficha. Hata kinu kinachookoa watu kinaweza kugeuka kuwa mnyororo kama hakuna anayemkumbusha mwenye kinu kwamba watu hawa ni wa Mungu.

Hapo ndipo ninapomfikia Bakhresa, na nitamzungumzia kwa heshima kama jirani yetu Mwislamu ambaye hakuna nyumba ya Mkristo katika nchi hii isiyomjua. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1949. Aliuza viazi, akafungua mgahawa Dar es Salaam katika miaka ya 1970, akaingia kwenye usagaji. Leo unga wake unasagwa pia Uganda, Malawi, Msumbiji, Rwanda na kwingineko. Chapati za asubuhi ya Krismasi Moshi na tambi za futari Kariakoo mara nyingi zimetoka kwenye vinu vilevile. Si mtu wa kusimama majukwaani kujisimulia. Wengi wanaotumia bidhaa zake kila siku hawajawahi kuisikia sauti yake, na mimi naliona hilo kuwa jambo zuri kwa mtu mwenye nafasi kama yake.

Unga huo ukitoka kiwandani haujamaliza safari. Unakwenda kwa muuzaji wa jumla, kisha kwa Mangi mwenye duka la mtaani, na saa kumi alfajiri mama mmoja anaukanda gizani ili saa kumi na mbili andazi la moto liwe stendi. Huyu mama pia ni mjasiriamali, ingawa hakuna kongamano linalomwalika. Naye yuko katika ombi la riziki alilolifafanua Luther. Bei ya ngano ikipanda, anapunguza ukubwa wa andazi badala ya kupandisha bei, na mteja analiona kwa macho yake na kuamua. Hajamdanganya mtu. Akianza kuchanganya mafuta yaliyochoka siku nne na kuyaficha chini ya mapya, hapo amekuwa ndugu yake mlanguzi, hata kama faida yake ni shilingi mia mbili. Mithali haikuweka kiwango cha mtaji.

Nilisema baraka iko kwenye kuuza kwenyewe. Nisipoendelea hadi kwa Yakobo nitakuwa nimewapa wenye mali mto laini wa kulalia, na sikukusudia hivyo. Yakobo sura ya 5 anawaambia matajiri walie. Sababu anayoitaja haihusu wingi wa mali peke yake. Anasema ujira wa waliovuna mashamba yao, ule uliozuiliwa, unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Fedha iliyotakiwa kuwa mfukoni mwa kibarua iko benki kwa jina la mtu mwingine, na hukohuko iliko inapaza sauti. Mwenye fedha hasikii. Mungu anasikia.

Ni mara ngapi Kanisa limesimama upande wa asiyesikia? Tajiri anapokuja kwenye harambee tunampa kiti cha mbele, kwaya inaimba, hundi inasomwa, tunashangilia. Hakuna mzee wa kanisa anayemuuliza, hata faraghani, hata kwa upole, kama wafanyakazi wake wamelipwa mwezi uliopita. Tunaogopa atakasirika na kwenda usharika mwingine. Yohana Mbatizaji aliwaambia watoza ushuru wazi kabisa wasizidishe kiasi kilichowekwa. Aliwaambia kwenye ubatizo, mahali ambapo sisi tungewapigia vigelegele. Siwasemi hapa wale niliowataja kwa majina. Mahesabu yao siyajui, na wao wana Mungu atakayewauliza kama atakavyoniuliza mimi. Nasema juu yetu, tunaobariki fedha bila kuuliza zilipita wapi.

Na lipo jambo lililo karibu nasi zaidi kuliko matajiri wakubwa, nalo ni lumbesa. Mkulima wa viazi Njombe au wa vitunguu Mang'ola anajaza gunia. Mnunuzi anataka liongezwe juu, linashonewa kofia ya wavu, linapandishwa kilemba mpaka linakaribia kuwa gunia na nusu, na bei inayolipwa ni ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wanakataza, viongozi wanakemea, na magari yanaendelea kupakia lumbesa. Nabii Amosi, sura ya 8, aliwasikia watu wa namna hii wakinung'unika kwamba Sabato inachelewa kuisha, kwa sababu wanataka kurudi sokoni na kipimo chao kidogo na mizani yao ya hila. Walikuwa ibadani. Hilo ndilo linalotisha. Walikuwa wamekaa ibadani, wamevaa vizuri, na vichwani mwao walikuwa wakipima ngano ya maskini.

Baadhi ya wanunuzi wa lumbesa ni washarika wetu. Ninawapenda, nimewabatizia watoto, na kwa sababu ninawapenda ninasema: lile nusu gunia la juu lina mwenyewe. Lina ada ya shule ya mtoto ndani yake. Huwezi kulitolea fungu la kumi likatakasika, kwa sababu fungu la kumi hutolewa katika mali yako, na hiyo si yako.

Yesu alisimulia, katika Luka 12, habari za tajiri aliyevuna sana na kuamua kujenga maghala makubwa zaidi. Sikilizeni maneno ya mtu huyo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anazungumza na nafsi yake tu. Mazao yangu, maghala yangu, vitu vyangu. Shamba lililozaa kiasi kile lilipaliliwa na watu, lilivunwa na watu, likabebwa na watu, na hakuna hata mmoja wao anayeonekana katika mawazo yake. Hakuna mteja. Hakuna soko. Amekuwa yule wa Mithali anayeifungia nafaka, na usiku huohuo anaitwa.

Nilikumbuka mfano huo Oktoba 2018. Alfajiri ya tarehe 11 mwezi huo Mohammed Dewji alitekwa kwenye hoteli moja ya Oysterbay alikokwenda kufanya mazoezi. Familia ikatangaza zawadi ya shilingi bilioni moja kwa atakayesaidia apatikane. Nchi nzima, wa Simba na wa Yanga, waliokuwa wanamwonea wivu na waliokuwa wanamwomba kazi, ilikuwa ikiuliza kitu kimoja. Usiku wa kuamkia tarehe 20 aliachwa hai katika viwanja vya Gymkhana, na tulimshukuru Mungu. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2016, alikuwa ameahidi hadharani kutoa angalau nusu ya mali yake kwa kazi za hisani. Ahadi hiyo aliitoa akiwa salama, kijana bado, bila mtu kumshikia bunduki, na ninaiheshimu kwa sababu hiyo. Mtu mwenye mali akijua mapema kwamba nusu si yake, ile nusu nyingine nayo haiwezi kumshika shingo kwa nguvu ileile.

Mengi alifariki Dubai tarehe 2 Mei 2019 akazikwa Machame. Magazeti yalijaa orodha ya makampuni. Watu niliowasikia wakilia walitaja mambo mengine: watoto wenye matatizo ya moyo aliowasaidia kwenda kutibiwa India, miti aliyoipigania kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na chakula cha mchana alichokula kila mwaka na watu wenye ulemavu. Juu ya chakula hicho niseme neno moja. Kutuma fedha ni rahisi kwa mwenye fedha. Kukaa mezani na mtu ambaye dunia inapita mbali naye, mkala pamoja, kunahitaji saa zako, na saa ndizo ambazo tajiri anazo chache kama sisi. Tajiri wa Luka 12 alikula peke yake.

Vijana wangu, msiache kuwataja watu hawa. Tajeni majina yao, ombeni Mungu awape akili kama zao na bidii kuwazidi. Lakini mtakaposimulia, simulieni na katikati. Ulizeni walichouza kilimpunguzia nani shida. Ulizeni mfanyakazi wa kwanza aliajiriwa lini na alilipwaje. Ukitaka kuanza biashara, usianze kwa kuuliza Mungu ameniandalia kiasi gani; zunguka mtaani kwako wiki moja ukitafuta watu wanakosa nini, kama yule aliyekosa kalamu. Na kama familia yenu ilikuwa na mali ikapotea, iwe kwa serikali, kwa ugonjwa au kwa ndugu, msidhani kwamba wito wenu umepotea pamoja na hati ya kiwanja. Kumbukeni Chande na kinu ambacho hakikuwa chake tena.

Jumuiya zitakapokutana Jumatano nyumba kwa nyumba, naomba Mithali 11:26 na Yakobo 5:1–6 zisomwe kwa sauti, kisha kila mmoja ajibu mbele za Mungu, si lazima mbele za wenzake, ni nani anamdai ujira. Msianze kufikiria viwanda. Anzeni na dada wa kazi ambaye mshahara wake mnamtunzia tangu Pasaka. Fundi aliyewajengea ukuta mkamwambia aje mwisho wa mwezi. Kibarua wa shamba la kahawa. Kijana wa bodaboda anayewapelekea watoto shule kwa mkopo. Yesu alisema mtu akikumbuka mbele ya madhabahu kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale aende kwanza apatane naye.

Nimezungumza na wazee wa kanisa tukakubaliana. Bahasha za ahadi zilizotakiwa kurudishwa Jumapili hii zitapokelewa Jumapili inayofuata. Yeyote mwenye deni la ujira atumie wiki hii kulilipa, kwa fedha hizohizo za bahasha kama hana nyingine, na Jumapili aje ibadani hata kama mikono yake ni mitupu.